Niliishia form two, lakini kazi ya shamba Ruangwa nilinyimwa kwa kujua mengi

Wakuu, habari za muda huu.

Juzi humu nilisoma uzi wa jamaa mwenye digrii mbili aliyenyimwa kazi ya ukarani, akaambiwa yeye ni overqualified. Wengi mlimcheka. Mimi sikucheka, maana yamenikuta, na shule niliachia form two. Naandika kama ilivyokuwa, anayetaka kuamini aamini.

Kwanza mnijue kidogo. Nina miaka thelathini na nane. Nikiona kitu kinafanya kazi nataka kujua ndani yake kuna nini. Nikishajua, miguu inaanza kuwasha.

Hivyo nimekuwa utingo wa lori, nimechomelea mageti Tunduru, nimetengeneza simu Masasi, nimepika kambi ya wachimbaji Msumbiji hadi Kireno kikaniingia. Sehemu zote hizo niliondoka mwenyewe. Hakuna aliyenifukuza.

Pia hakuna aliyenipigia simu kuuliza nimefika wapi.

Mwaka huu nilichoka. Nilitaka mahali pa kukaa tu. Nikiwa Ruangwa mjini nikasikia kuna mama kijiji cha Nandagala, Bi Somoe, anatafuta mtu wa kukaa kwenye shamba lake la mikorosho. Kazi ni kupalilia, kupulizia salfa, kulinda, na korosho zikianguka kuokota. Chumba kipo palepale shambani.

Wakuu, nilikitamani kile chumba kuliko mshahara.

Nikafika asubuhi, nimefua shati. Nikamkuta Bi Somoe na mjomba wake, mzee mmoja mkavu, kimya. Kwa wale wa mikoa mingine: huku mjomba ndiye mwenye neno. Mama anaweza kukupenda, mjomba akikataa umekataliwa.

Nikakaribishwa mkekani. Bi Somoe akaniuliza kama nimewahi kushika mashine ya kupulizia.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Ningejibu ndiyo, ingetosha. Mimi nikamweleza jinsi kabureta yake inavyoziba, nikamweleza na ya kuchomelea, nikaingia kwenye simu, nikafika Msumbiji, nikamwonjesha na Kireno. Si majivuno wakuu. Mtu ukikaa siku nyingi bila wa kuongea naye, ukipata wa kukusikiliza unamwaga yote.

Bi Somoe alikuwa anatabasamu. Mjomba alikuwa anachokonoa jino na kijiti.

Nilipomaliza, mjomba akaniuliza swali moja tu. Niliingia jando wapi.

Kama hamjui, hilo ndilo swali la interview huku. Ukitaja jando lako, watu wanajua uliingia na nani, nani alikusimamia, ukipotea wakaulize nyumba gani. Mama yangu ni wa Newala, lakini alinizalia Kilombero na huko akafia. Nikasema ukweli, nilitahiriwa hospitali, Ifakara.

"Basi wewe umetiwa jando na nesi," mzee akasema.

Tulicheka wote watatu. Mimi nilicheka kwa kuchelewa kidogo.

Kisha akasema taratibu, bila ubaya wowote: "Mwanangu, kila kazi umeiweza. Na kila kazi umeiacha."

Nikajitetea kwamba safari hii nimetulia. Bi Somoe akaniangalia kwa huruma, akasema shamba lake ni dogo kwa mtu kama mimi, litanichosha kabla korosho hazijaanguka, na yeye atabaki na magugu. Kazi wakampa Issa, jamaa wa palepale ambaye mashine hata kuiwasha bado. Mama yake anakaa nyumba ya tatu. Issa akitoroka, wanajua pa kugonga.

Nilipewa mihogo ya kuchemsha na chai, nikasindikizwa hadi barabarani kama mgeni wa heshima. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Mgeni.

Nikapanda bodaboda hadi Nachingwea. Njia nzima yule kijana wa boda aliongea na simu, na mimi nikawa napanga.

Nachingwea kuna gesti moja ndogo nyuma ya soko. Mwenyewe anaitwa Mama Rehema, mjane. Alikuwa anatafuta mtu wa kufagia na kubadilisha mashuka, chumba cha uani bure. Akaniuliza najua nini.

Nikamwambia kufagia.

"Kingine?"

"Hapana mama. Kufagia tu."

Kwetu nikasema Newala. Jando hakuuliza. Nikapewa ufunguo.

Sasa sikilizeni. Baada ya muda pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki ikagoma. Ukiiwasha inaunguruma, haizunguki. Nilijua tangu mara ya kwanza niliyoisikia: kapasita imekufa. Kitu cha ukubwa wa betri ya tochi, hapa hapa mjini kinauzwa.

Sikusema. Mfagiaji anajuaje kapasita? Nikisema, ataniuliza nimejifunzia wapi. Nikijibu hilo, tunarudi kwenye ule mkeka wa Nandagala.

Kwa hiyo nabeba ndoo. Nachota kwenye kisima cha jirani, napeleka chumba kwa chumba. Fundi aliyeitwa kutoka Masasi kila siku anasema anakuja kesho.

Jana jioni Mama Rehema alinikuta nimekaa kwenye ndoo, mabega yanawaka.

"Pole baba," akasema. "Na wewe ungekuwa na ufundi hata kidogo, usingeteseka hivi."

Nikasema ni kweli mama.

Akaingia ndani, akatoka na sahani imefunikwa. Ugali na kisamvu cha nazi. Alikuwa ameniwekea toka mchana. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniwekea chakula nikiwa sipo.

Nikala. Lakini wakuu, kile chakula amewekewa mtu wa Newala asiyejua kitu. Mimi ndiye niliyekila.

Nilichojifunza ni hiki. Mwajiri akikuuliza unajua nini, mara nyingi anachotaka kusikia ni kama kesho utakuwepo. CV yangu haina jibu la hilo. Ukiijaza yote wanakuogopa, ukiificha unapokelewa, ila anayepokelewa si wewe.

Leo mchana nilipita dukani. Kapasita ninayo mfukoni wakati naandika. Nifunge, halafu yaje maswali? Au nimsubiri fundi na niendelee na ndoo?

Waliowahi kuficha wanachokijua ili wapate pa kukaa, nipeni mawazo yenu.

Nitasoma baadaye. Mgeni wa chumba namba nne anaita, anataka maji ya kuoga.