Askari wa escort aliyedhani jina langu ni Aabo

Wakuu, asalaam aleikum. Na nyinyi wa habari, habari zenu.

Nimesoma ule uzi wa juzi mliobishana kama polisi wenye bunduki wakipanda mabasi magaidi wataogopa. Page nne, nusu yake matusi. Nikasema hawa watoto wanagombania kitu ambacho mimi nilikaa ndani yake nikiwa na mimba ya miezi minane.

Nitasimulia nilichokiona kwa macho yangu tu. Nilichosahau nitasema nimesahau.

Mimi ni mzaliwa wa Chechelesi, Isiolo. Babu yangu, Msomali, aliletwa na jeshi la mkoloni, akaachwa hapo hapo, na sisi uzao wake tukawa watu wa magari. Baba alikuwa na basi moja la kijani, likienda Garbatulla na kurudi. Aliliendesha mwenyewe.

Hii ni miaka ya sabini ikielekea mwisho. Vita vya shifta, wale waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya, vilikuwa vimeisha kwenye karatasi, lakini watu wenye bunduki bado walikuwa wakitega magari. Neno gaidi hatukuwa nalo. Hofu tulikuwa nayo.

Mimi nilikuwa nimeolewa Garbatulla, mume wangu ana duka. Kwetu mimba ya kwanza unaenda kujifungulia kwa mama yako. Kwa hiyo baba alikuja kunichukua na basi lake. Alinitandikia blanketi kiti cha nyuma yake, akanikataza kuinama hata kuokota kiatu. Njia nzima ni "Aabo, uko sawa? Aabo, kunywa maji."

Hapa nisimame kidogo kwa wasiojua. Wasomali baba humwita mtoto wake aabo, yaani baba. Mama naye humwita mtoto hooyo, yaani mama. Ni mapenzi tu, msiniulize zaidi.

Sasa siku hiyo tulikuwa na askari wa escort, kijana kutoka Ukambani, Musyoka. Alikuwa mgeni, hata mwezi hajamaliza. Kusikia baba ananiita hivyo, akajua ndilo jina langu. "Dada Aabo, pole na safari." Basi zima lilicheka. Hakuna aliyemsahihisha, na mimi nikaona haya kuanza somo la Kisomali pale.

Zamani escort walikaa ndani na abiria. Lakini ilikuwa imetoka amri mpya: askari akae juu ya paa, kwenye keria ya mizigo, bunduki ionekane na kila mtu. Abiria walifurahi sana. Kuna mama wa miraa alisema leo atalala mpaka Isiolo. Mimi pia, sitadanganya, nilipoona zile buti zinapanda ngazi roho ilitulia.

Baba peke yake hakufurahi.

Barabara ile ilikuwa na bibi mmoja Mborana, tukimwita Akko Dhaki. Akko ni nyanya. Boma lake lilikuwa karibu na barabara, katikati ya safari. Baba akifika pale alipiga honi mara mbili. Akko anatoka na chombo cha maziwa, anampa baba, baba anampa sukari na majani ya chai. Wanasalimiana. Na mnajua salamu za kule haziishi: nagaa, ni amani? Watoto, nagaa? Ng'ombe, nagaa? Kisima? Njia?

Sisi abiria tulikuwa tunanung'unika. Tulidhani mzee anapenda maziwa.

Siku hiyo baba akapiga honi mara mbili. Kimya. Akapiga tena. Hata mtoto wa mbuzi hakuonekana.

Baba akazima gari.

Wakuu, zile kelele! "Dereva endesha! Tuna escort, tunaogopa nini?" Musyoka akachungulia kutoka juu.

"Mzee, kuna shida?"

"Afande, shuka ukae ndani."

"Siwezi. Amri ni nionekane."

Baba akatoka nje, akamtazama juu huko. Hakupandisha sauti.

"Na umeonekana, afande. Ndiyo maana huyo mama amejificha."

Mtu wa mbali hangeelewa hilo haraka. Wafugaji wa kule walikuwa wameona mengi kutoka kwa watu wenye sare wakati wa shifta. Wakiona bunduki ya serikali juu ya gari, hawangoji kujua imekuja kulinda nani. Wanaingia msituni na habari zao.

Nilidhani Musyoka atakasirika. Alikuwa kijana, ana bunduki, na anabishiwa mbele za watu. Akanitazama mimi dirishani, akatazama tumbo langu. Kisha akashuka.

Baba akatoa kikoi chake cha mistari ya buluu, kile chenye alama ya kuungua na pasi ya makaa ya mama. Musyoka akakivaa juu ya sare, akakaa kando yangu, bunduki amelaza chini ya miguu yetu. Kofia nikaikalia mimi.

Honi mara mbili.

Tulingoja mpaka nikadhani baba amekosea. Ndipo Akko Dhaki akatokea, na maziwa yake mkononi.

"Nagaa?" baba akauliza.

Akko hakujibu nagaa.

"Njia mbaya," alisema. "Watu iko kwa lagga. Mimi hapana jua hao. Siku mbili mbuzi yangu inakataa kushuka kunywa."

Lagga ni ule mto mkavu, na basi lazima lishuke polepole pale ndipo lipande. Tulikuwa tunaenda kuingia wenyewe.

Kisha Akko akachungulia ndani. Akaona buti za polisi zinatokeza chini ya kikoi. Nikasema tumekwisha, sasa atakimbia. Akacheka, meno yote matatu. Akampa Musyoka maziwa. "Kunywa, mtoto. Umetoka mbali."

Lori moja lililokuwa likija nyuma yetu lilipotufikia, baba akalisimamisha, likageuza kurudi Garbatulla kupeleka habari kwa polisi. Sisi baba akatuambia tungoje hapo bomani.

Na mimi nikashikwa na uchungu. Mwezi mmoja kabla, bila mama yangu, kwenye ngozi ya ng'ombe ndani ya nyumba ya Akko. Nililia nikimwita mama. Akko alinishika mgongo akisema, "Mimi iko, mimi iko."

Musyoka alivua kikoi, akakipitisha mlangoni bila kutazama. "Ni ya mtoto," alisema. Akachukua bunduki, akaenda kukaa kwenye lango la miiba, ametupa mgongo, wazi kabisa mbele ya barabara. Kila nilipofungua macho niliona visigino vya buti zake. Nilijua wale watu wakija wataanza na yeye. Kijana wa watu, naye ana mama yake huko kwao. Nilimwombea yeye kabla ya kujiombea mimi.

Jua halijazama, binti yangu akalia. Baba alifungua boneti kukagua maji ya rejeta. Alikagua muda mrefu sana, na alirudi macho mekundu.

Polisi walipofika lagga walikuta majivu bado yana moto na gogo limeburutwa hadi katikati ya barabara. Watu walikuwa wameondoka.

Baada ya hapo baba na Musyoka walikuwa na mpango wao. Kwenye kizuizi cha polisi anapanda keria, amri ni amri. Wakikaribia kwa Akko anashuka, anavaa kile kikoi, nilichokwisha kumrudishia baba, anakunywa maziwa. Alipopata uhamisho alikuja nyumbani kukirudisha kimefuliwa na kukunjwa. Baba alikataa kukipokea. "Nenda nacho. Huko unakoenda, usionekane sana."

Kwa hiyo, wakuu, mkiniuliza kama bunduki inayoonekana inalinda basi: ile bunduki ilinituliza roho, na langoni ilinikinga. Lakini ikiwa juu ya keria ilitufungia mdomo wa mtu pekee aliyejua njia. Pelekeni askari, sawa. Kwanza waulizeni watu wa kando ya barabara wakimwona watakuja au watakimbia.

Pingeni mnavyotaka. Ila mimi nina ombi.

Baba na Akko wametangulia. Kama mzee wako alikuwa askari Isiolo, na kwenye sanduku lake kuna kikoi cha buluu chenye alama ya pasi, niandikie hapa. Mwambie mtoto ni mzima, ana watoto wake sasa. Jina langu hatalijua, hakuwahi kuambiwa.

Mwambie tu Dada Aabo anamsalimia.