Usikamue Ng'ombe Jicho Likiwa Bichi

Wakubwa zangu wote mlioketi kwenye mabenchi haya, shikamooni. Na ninyi wadogo mlioniamkia, marahaba. Naanza na salamu kwa makusudi, maana mwaka jana nisingejua humu ndani nani mkubwa na nani mdogo. Siku moja pale stendi ya Mbulu nilimpa shikamoo kijana wa bodaboda. Alikuwa amevaa koti refu, nikadhani ni mzee. Na yeye, badala ya kuona aibu, akaitikia "Marahaba!" Watu wakacheka. Nilinuna mpaka nyumbani.

Nesi ameniambia, "Bibi, hawa wanaogopa upasuaji wa macho. Wawili wameshataka kurudi kwao. Hebu waeleze wewe." Haya, nawaeleza. Lakini sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nitasema na la kwangu nililoharibu.

Mimi naitwa Martina, natoka kijiji cha Daudi. Mume wangu alishafariki. Ninaishi na mwanangu wa mwisho, Safari, na mke wake ambaye tunamwita Mama Neema. Tunalima mahindi, maharage na kitunguu saumu, na tuna ng'ombe mmoja wa maziwa, jina lake Madoa. Madoa nimemkamua mimi tangu alipozaa mara ya kwanza. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumgusa chuchu. Nilijivunia hilo kuliko shamba.

Ninavyokamua ni kama alivyonifundisha mama yangu. Nachuchumaa, ndoo nabana kwa magoti, halafu paji la uso naliegemeza ubavuni mwa ng'ombe. Hapo unasikia tumbo lake. Akitaka kupiga teke unajua kabla hajanyanyua mguu. Shikeni hilo la paji la uso, ndilo lililotaka kunimaliza.

Ugonjwa ulianza jicho la kushoto. Nilikuwa naona ukungu. Si ule wa asubuhi wa huko kwetu, huu haukuondoka hata jua likiwaka. Nikasema ni moshi wa jikoni. Jirani akaniletea maji ya majani fulani, akasema niweke matone. Nikaweka. Jamani! Liliwaka kama nimetiwa pilipili. Baada ya siku chache likavimba, likatoa usaha. Nilipofika hospitali daktari aliniambia, "Bibi, hiki kioo cha mbele cha jicho kimeoza. Hatuwezi kukirudisha." Nitazameni, hili hapa, jeupe. Ukungu ungetibika. Nililiua mwenyewe kwa dawa ya majani.

Halafu, kabla Safari hajaoa, ukungu ukaja jicho la kulia. Hapo nilikaa kimya. Nilijua nikilipoteza na hili, nimekwisha. Nitakuwa mtu wa kushikwa mkono kwenda chooni. Kwa hiyo nikaficha. Chai nilimimina pembeni ya kikombe, nikasema meza imeinama. Siku moja nikang'ata jiwe kwenye maharage, nikamgombeza Mama Neema mbele ya wageni. Kumbe aliyechambua yale maharage ni mimi. Yeye akaniletea sahani nyingine. Alikuwa ameolewa pale kwetu miaka mitatu, na mimi sura yake sijawahi kuiona vizuri. Nilimjua kwa sauti na kwa kivuli chake mlangoni.

Yeye ndiye aliyesikia tangazo kanisani kwamba wataalamu wa macho watakuwa hospitali ya Dongobesh mwezi mzima. Kumbe alishajua ninavyoficha, akanipeleka. Daktari alikuwa dada mdogo tu, akanimulika na kitochi. Akasema, "Huyu ni mtoto wa jicho, amekomaa. Anatolewa, tunaweka kioo kingine kidogo ndani."

Nikamwuliza, "Ukikosea je? Sina lingine."

Akasema, "Kwa kawaida huenda vizuri, bibi. Hatari ipo, ni ndogo, sitakudanganya. Lakini usipofanya, utaacha kuona kabisa."

Niliipenda ile, kwamba hakunidanganya. Nikakubali.

Upasuaji wenyewe sasa. Wanakuwekea matone mengi mpaka mboni inapanuka. Halafu sindano ya ganzi karibu na jicho. Hiyo inauma, nisiseme uongo, lakini ni kwa kitambo kidogo, kisha uso unakufa ganzi. Wanakufunika kitambaa. Unaona mwanga mkali, unasikia maji yakitiririka na watu wakiongea kwa sauti ndogo. Kisu hukioni. Mimi nilikuwa sijamaliza kusali rozari moyoni, nikasikia, "Tumemaliza, bibi." Nikasema, "Mmemaliza nini? Hamjaanza!" Wakacheka.

Nililala na bandeji. Kesho yake asubuhi nesi akaifungua. Kwanza maji yakatoka, mwanga ukanichoma. Kisha nikaona shuka, jeupe mpaka lina ubluu. Nikaona ufa ukutani. Nikaona mwanamke amesimama ameshika chupa ya uji, anatabasamu. Nikamwambia, "Kumbe una mwanya!" Alikuwa Mama Neema. Alicheka huku analia, na mimi nililia mpaka nesi akanikemea nisilowanishe jicho.

Tukapewa masharti. Matone mara nne kwa siku, na aoshe mikono kwanza anayekuwekea. Usilisugue hata likiwasha. Maji yasiingie, uso unapanguswa kwa kitambaa. Wakati wa kulala unabandika kikombe kidogo cha plastiki juu ya jicho. Usiiname, usinyanyue kizito, usipulize moto, kaa mbali na vumbi na moshi. Daktari akaniambia na jambo moja nililolikumbuka baadaye: "Maumivu yanayopungua kila siku ni ya kidonda, yavumilie. Yakiongezeka, au uoni ukirudi nyuma, usingoje hata siku moja."

Siku za kwanza msishangae. Utahisi kama kuna mchanga ndani ya jicho. Litatoa machozi, litakuwa jekundu kidogo. Uoni hautatulia mara moja, leo unaona vizuri, kesho asubuhi kuna ukungu kidogo, mchana unaondoka. Mimi nilivaa miwani nyeusi hata ndani ya nyumba, nikakaa kwenye kiti kama bwana harusi. Mama Neema alipika, alichota maji, aliniwekea matone. Na alimkamua Madoa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Madoa alimkataa. Kila asubuhi nilisikia ndoo inapigwa teke inaanguka, nasikia "Tulia! Tulia, mama!" Halafu analeta maziwa ya kujaza kikombe tu. Nikasema kwa sauti, makusudi asikie, "Mtu ana mkono wa ng'ombe au hana." Akanijibu kwa upole, "Mama, niazime lile sweta lako la kahawia. Pengine akisikia harufu yako atatulia." Nikasema, "Sweta langu lina nini? Ng'ombe anajua mkono." Nikalikalia.

Siku ya tisa akaja na habari kwamba kiwele kimekuwa kigumu na cha moto. Niliogopa. Maziwa yakikaa kiweleni, ng'ombe anaugua. Safari alikuwa Mbulu mjini kikazi. Mama Neema akachukua ndoo za maji akaenda bombani. Nikasimama.

Nilijiambia, daktari amekataza kuinama, hakukataza kuchuchumaa. Ndivyo nilivyojidanganya, mtu mzima mimi. Nikaingia zizini, nikachuchumaa, nikavua miwani, maana ukiwa na miwani huwezi kuegemeza paji la uso. Nikaegemea. Madoa akashusha pumzi, na maziwa yakaja yenyewe, shwaa, shwaa. Nilifurahi kweli. Nikamwambia kama ninavyomwambia siku zote, "Umeona, mama? Wanakusumbua hawa." Ndoo ikafika nusu. Nzi akatua mgongoni mwake, mkia ukazunguka, mkia wenyewe una matope yaliyokauka. Ukanipiga jichoni.

Uchungu ule sijui nauelezeje. Nilikaa chini kwenye mavi. Lakini mnajua nilifanya nini? Nilinyanyuka nikaibeba ile ndoo mpaka ndani. Mama Neema aliporudi nikamwonyesha, "Tazama, hivi ndivyo watu wanavyokamua." Kiburi! Miwani nimeivaa, chini yake jicho linatoa maji kama bomba. Akauliza, "Mama, uko salama?" Nikamjibu, "Niwe salama vipi tena?" Alipokuja na matone nikasema nimeshajiwekea. Uongo mtupu. Sikutaka alione.

Kesho yake nilifumbua jicho, nikauona ule ukungu. Ule ule. Dirisha lilikuwa weupe tu hauna kingo, na kichwa kinauma mpaka sikioni. Hapo kiburi kikaisha. Nilijua nimekwisha kuwa kipofu, na nimejiponza mwenyewe mara ya pili. Nikaita, "Mama Neema, njoo. Sikuoni."

Akanivua miwani, akatazama. Nilingoja anigombeze. Nilitamani hata anigombeze. Akasema tu, "Vaa viatu mama, tunakwenda sasa hivi." Akakimbia barabarani kutafuta gari. Njiani nilimweleza yote, ndoo, mkia, uongo wa matone. Akaniambia, "Mwambie daktari hivyo hivyo, usipunguze kitu."

Yule daktari dada mdogo hakuwa mpole siku hiyo. "Bibi, nilikwambia nini?" Nikasema, "Ulisema nisiiname." Akasema, "Na ng'ombe ulimkamua umesimama?" Akanitazama na mashine yake muda mrefu. Kioo kilikuwa mahali pake, lakini jicho lilikuwa na mkwaruzo na uvimbe mkali ndani. Wakanilaza. Matone kila saa moja. Mama Neema alikuwa nami siku ya kwanza, kisha nikamwambia arudi, ng'ombe asife. Dada yangu wa Dongobesh akaja kukaa nami.

Siku tatu sikuona zaidi ya mwanga. Niliogopa, jamani, niliogopa kuliko siku ya upasuaji. Nilimwambia Mungu, ukinirudishia hili moja sitamsema mtu tena. Siku ya nne nikahesabu vioo vya dirisha. Siku ya sita nikamwona dada yangu amezeeka, nikamwambia, naye akanuna. Daktari akasema, "Umebahatika. Ungechelewa zaidi, tungekuwa tunaongea mengine."

Nikarudi nyumbani Daudi. Asubuhi yake sikusikia ndoo ikianguka. Nikajua Madoa amekufa wananificha. Nikavaa miwani, nikatoka polepole nikasimama mbali na zizi, upande ambao upepo hauleti vumbi. Nikamwona Mama Neema amevaa sweta langu la kahawia na shuka langu amelifunga kichwani kama ninavyofunga mimi. Amechuchumaa, paji la uso ubavuni, anamwambia ng'ombe, "Wanakusumbua hawa, mama." Maneno yangu kabisa! Na Madoa ametulia, maziwa yanatoka shwaa, shwaa.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Alikuwa amekunja kitenge juu ya magoti ili kisilowe. Kwetu kuna baridi, siku zote anavaa kitenge kirefu na soksi, miguu yake sikuwahi kuiona. Kuanzia goti mpaka kifundo kulikuwa na alama za kwato. Nyingine zimekuwa nyeusi, nyingine kijani, moja ina gamba la damu. Niliziona moja moja, kwa jicho hili mnaloliona.

Nikasogea zizini nikamwuliza, "Hizo nini?"

Akashusha kitenge haraka. "Ni Madoa tu, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu tuliporudi kutoka kwenye upasuaji."

"Na mimi nakusema huna mkono! Mbona hukuniambia?"

Akasema, "Ningekwambia, mama, ungekuja kukamua mwenyewe."

Niliona aibu. Mimi nililinda sifa yangu kwa ng'ombe, na yeye alilinda jicho langu kwa miguu yake. Nilimwomba msamaha palepale zizini, na mimi si mtu wa kuomba msamaha, waulizeni wa Daudi.

Sasa ni miezi mitano. Jicho limetulia. Niliweka matone mpaka siku waliyosema, nikapewa miwani ya kusomea, nachambua maharage na hakuna mtu anayeng'ata jiwe. Namshukuru Mungu, nawashukuru hawa madaktari.

Ninyi mnaotaka kurudi nyumbani, kaeni. Sindano inauma kidogo tu. Kazi kubwa ni ule mwezi wa kukaa kitako na kukubali mtu mwingine afanye kazi yako, hata akiifanya vibaya. Usiweke majani. Likiuma zaidi ya jana, usifiche, rudi hapa, sema ukweli wote. Na wewe uliyeletwa na mkamwana wako, ukifunguliwa bandeji kesho, usitazame ukuta kama mimi. Mtazame yeye mpaka miguuni.

Wangu ni yule pale mlangoni, mwenye mwanya. Sweta la kahawia alilovaa lilikuwa langu, nimempa.