Majirani wa Titye Walinyamaza, Blogu ya Mama Ikasema

Saa mbili asubuhi mlango wa bati wa duka la kuchapa barua mjini Kasulu uko wazi nusu, na tayari watu sita wamekaa kwenye benchi. Pelagia anapangusa kibodi kwa kipande cha kitenge, anawasha kompyuta, anasubiri. Kompyuta ni ya zamani, inaamka polepole kama mtu aliyelala na homa.

Tangu kambi ya wakimbizi ya Nduta ifunguliwe tena kule Kibondo, vijana wanakuja kwa wingi kuchapiwa barua za kuomba kazi kwenye mashirika. Wengine wanaleta maneno kwenye karatasi ya daftari. Wengine hawana hata karatasi. Mmoja anamwambia amwandikie kama alivyomwandikia yule wa jana. Pelagia anamjibu kwamba yule wa jana ni dereva, sasa wewe unaendesha nini? Benchi linacheka, na kijana naye anacheka.

Pelagia ana miaka arobaini na tatu na elimu ya darasa la saba. Aliingia dukani hapa kufagia na kutoa kopi. Kuchapa alijifunza kwa kutazama mabegani mwa wenzake. Leo analipwa shilingi laki moja na ishirini elfu kwa mwezi. Mwenye duka, Mzee Nurudini, mtu wa Tanga aliyehamia Kasulu siku nyingi, anasema vidole vya mama huyu havikosei.

"Vidole havina shida," anasema. "Alichokosa ni breki."

Anachokisema mzee ni ile blogu.

Ilianza mwaka 2012. Binti yake wa kwanza, Herieth, wakati huo ana miaka kumi na saba, alianguka jikoni akisonga ugali na mkono wa kushoto ukaingia motoni. Pelagia alimpeleka hospitali ya Kabanga. Mkono ulitibiwa, halafu akaambiwa kilichomwangusha ni kifafa. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku na tarehe ya kliniki.

Alirudi nyumbani, kijiji cha Titye, na maswali ambayo aliona aibu kuyauliza mbele ya watu. Siku ya kazi akayauliza kwenye kompyuta ya dukani. Majibu mengi yalikuwa ya Kiingereza.

"Nikasema basi, niandike mimi, hata kama ni Kiswahili cha darasa la saba," anasema. "Labda kuna mama mwingine anatafuta kama mimi."

Kijana mmoja mteja akamfungulia blogu bila malipo. Aliiita Mama wa Titye. Kila mchana wateja wakipungua alikuwa anaandika, na mkono ulikuwa mwepesi. Aliandika dawa inamezwaje, mtoto akisahau dozi anakuwaje, kwamba kifafa hakiambukizi kwa mate, kwamba sahani ya mgonjwa haitengwi. Watu wakaanza kumjibu, kutoka Bukoba, Mpanda, hata Songea. Mama mmoja wa Kibondo aliandika kwamba alikuwa anamfunga mwanaye kamba mchana akienda shamba, na baada ya kusoma ameacha, amempeleka kliniki.

Hayo ni mema, na hayawezi kufutwa na yaliyofuata. Lakini yaliyofuata ndiyo yanatakiwa kusomwa na kila mzazi mwenye simu ya kuingia mtandaoni.

Pelagia hakuandika jina la mwanaye. Aliandika herufi H tu, akadhani inatosha. Hebu pima mwenyewe. Aliandika kijiji. Aliandika kwamba H anashona nguo, ni wa kwanza kuzaliwa, anaimba kwaya sauti ya kwanza, ana kovu la moto kutoka kiwiko cha kushoto hadi kiganja na huvaa mikono mirefu hata jua likiwa kali. Titye nzima kuna mabinti wangapi wa hivyo? Siku ambayo H alianguka kanisani akajikojolea mbele ya wanakwaya, nayo aliiandika. Kufikia Agosti mwaka huu blogu ilikuwa na habari mia mbili na kumi na tatu.

Herieth hakuwahi kuisoma. Simu yake ni ya kupiga na kutuma ujumbe, basi. Alijua mama anaandika mambo ya afya. Baba yake, Tharsisi, ambaye analima mihogo na maharage, alijua hivyo hivyo.

Mwezi wa saba ililetwa barua ya posa kutoka Kibondo. Muoaji ni Marcel, fundi seremala, aliyefahamiana na Herieth alipokwenda kule kushona sare za kwaya. Herieth alikuwa na miezi kumi na nne hajaanguka. Alikuwa amepanga kumweleza Marcel ugonjwa wake kwa mdomo wake, siku kijana atakapokuja kusalimia ukweni, na alishachagua maneno. Hilo alimwambia mama yake, na mama akakubali.

Sasa kwetu huku, kabla barua haijajibiwa, upande wa muoaji hutuma mtu kimyakimya kuuliza. Ukoo ule una ugonjwa gani? Binti ana tabia gani? Huulizwa majirani, si wazazi. Kibondo walimtuma shangazi wa Marcel, anaitwa Ntirampeba, mwanamke wa miaka hamsini na kitu.

Ntirampeba alifika Titye akajifanya anatafuta mbegu za maharage. Akaingia nyumba ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Wote wale wamewahi kumwona Herieth ameanguka. Kati yao yuko mama aliyembeba siku ile ya moto. Kila nyumba ilimpa jibu lile lile, kwamba binti ni mzuri, anajua kazi, anaheshimu watu. Kuhusu mikono mirefu walisema ni adabu yake.

Angeishia hapo, angerudi Kibondo na jibu jema. Ila alikuwa na karatasi mfukoni. Mwalimu mmoja wa ukoo wao alikuwa anatafuta habari za kifafa kwa ajili ya mwanafunzi wake, akakutana na blogu, akaona Titye, akaona ushonaji, akashtuka. Aliandika anwani ya blogu na orodha ya kurasa kwenye karatasi, akamwagiza shangazi atoe kurasa mjini Kasulu ili wazee wasome wapime wenyewe.

Akaingia dukani kwa Pelagia. Hawakuwa wanafahamiana.

"Mwakeye, mama," alisalimia kwa Kiha, akatoa karatasi. Akaeleza kwamba kuna binti wa Titye wanamchumbia, na wazee wanataka kusoma kilichomo humu.

Pelagia aliisoma anwani. Anasema masikio yalijaa sauti kama ya jenereta. Angeweza kusema mtandao umekatika, maana Kasulu hilo ni jambo la kila siku na hakuna ambaye angeshangaa. Siku hiyo mtandao ulikuwepo.

"Miaka mitatu nimewaandikia watu kifafa si aibu, msifiche," anasema. "Sasa kimefika kwangu nifiche? Nikaona nitakuwa mwongo."

Akazitoa kurasa thelathini na moja, zile ambazo mwalimu alikuwa ameziorodhesha. Akazipiga pini. Ntirampeba akamuuliza kama anamfahamu mwanamke anayeandika haya.

"Ni mimi," Pelagia alimjibu.

Shangazi alikaa kwenye benchi. Aliziangalia karatasi, akamwangalia mama. Halafu akasema maneno ambayo Pelagia anayarudia bila kupunguza hata moja:

"Mwenzangu, nimepita nyumba tano kijijini kwako. Majirani zako wamemtunza mtoto wako kuliko wewe."

Akaondoka na karatasi zake.

Kule Kibondo zilisomwa kwa sauti mbele ya wazee kumi na mmoja, Marcel akiwa amekaa humo humo. Baada ya wiki tatu mshenga alileta jibu. Hawakukataa kwa neno la kukataa. Walisema wamesimama kwanza. Marcel alipiga simu mara moja tu. Alimwambia Herieth kwamba ugonjwa haumtishi. Kilichomuumiza ni kusikia habari za mchumba wake zinasomwa kama mihtasari ya kikao, yeye akiwa wa mwisho kujua. Tangu Oktoba simu yake ni kimya.

Herieth hakumpigia mama yake kelele. Jumamosi alipanda gari kuja Kasulu, akaingia dukani, akaomba kiti cha mama yake. Mzee Nurudini akawahamishia wateja kwenye kompyuta nyingine. Binti alisoma kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa, habari moja baada ya nyingine, na chai aliyowekewa ikapoa. Alipofika kwenye ile ya kanisani alihesabu waliojibu.

"Watu arobaini na sita wamesema pole," alimwambia mama yake. "Wewe hukuniuliza hata mara moja."

Pelagia anachoweza kueleza ni jinsi ilivyotokea. Alianza kuandika kwa sababu ya hofu, na kila mtu alipomjibu hofu ilipungua kidogo. Basi akawa akiogopa anaandika. Mtoto akianguka, anamwosha, anamlaza, na kichwani tayari anapanga sentensi.

"Niliona nauguza," anasema. "Kumbe na mimi nilikuwa najiuguza, kwa jina lake."

Wazazi tusidhani hili ni la mwenye blogu peke yake. Ukiweka picha ya mtoto aliyelazwa, ukiandika matokeo yake ya mtihani, ukimtania kwamba bado anakojoa kitandani, watu watacheka na kusema hongera au pole. Mtoto habaki mdogo siku zote. Kuna siku mtu asiyemjua atakuja kumuulizia, na wewe utakuwa umeshajibu.

Habari hii Herieth ameisoma kabla ya kuchapwa. Aliondoa mambo mawili, nayo hayamo. Alipoulizwa kama jina lake libadilishwe alisema libaki, maana safari hii angalau ameulizwa.

Jumamosi ile aliyosoma dukani alidai neno la siri la blogu, akalibadilisha. Sasa mwenye nalo ni yeye. Jumamosi mbili kila mwezi anakuja Kasulu, wanakaa wawili baada ya wateja kuisha. Mama anasoma kichwa cha habari kwa sauti, binti anasema futa au acha. Za dawa nyingi zinaachwa. Za mwili wake zinafutwa bila mjadala. Walianzia za karibuni wakirudi nyuma, na kufikia wiki iliyopita zimebaki sitini na mbili za kupitia, zote za mwaka 2012.

Pelagia hakatai. Hajaandika kitu tangu Agosti. Akina mama bado wanauliza maswali pale chini ya habari, naye anamsomea Herieth, na Herieth ndiye anasema ajibiwe nani na kwa maneno gani. Mmoja wa wiki hii ana mtoto wa miaka mitano, anataka kujua kama anaweza kumpeleka shule. Herieth alisema ajibiwe haraka.

Anachotumaini Pelagia ni kuruhusiwa kuandika tena siku moja, na ameshajua ataandika nini, kwa sababu Jumamosi iliyopita walifika kwenye habari ya Septemba 2012. Inaeleza jinsi mama, kwa kuogopa, alivyomtia binti kijiko mdomoni wakati wa kifafa mpaka akamvunja jino. Hospitali walimwambia asirudie, mgonjwa alazwe ubavu na asiwekewe kitu chochote mdomoni. Pelagia aliona aibu kuisoma. Alishika kipanya mwenyewe aifute bila kusubiri.

Herieth aliuondoa mkono wa mama yake kwenye kipanya.

"Hiyo acha," alisema. "Hiyo ni yako."