Aliyelinda Mlango wa Mama

Jumapili ile niliwafungia mlango akina mama wa kanisa. Mimi, binti wa mwanamke ambaye mtaa mzima wa Ziwani unajua hajawahi kumwacha mgeni aondoke bila chai.

Mama alikuwa ametoka kupewa kemo, ile dawa kali ya saratani, kwa ajili ya titi lake. Nesi alinionya kwamba kinga yake imeshuka sana. Akiambukizwa hata mafua, kemo inayofuata itaahirishwa, na uvimbe hautasubiri. Lakini kwetu sisi watu wa magharibi mwa nchi, mgonjwa hutembelewa na kundi zima. Wanaingia na unga na sukari, wanamshika mkono mmoja baada ya mwingine, wanaimba, wanaomba, wanakunywa chai. Chumba chetu ni kimoja, kitanda nyuma ya pazia. Na chai hiyo yote niliipika mimi, niliyekuwa nimesahau usingizi.

Walipofika, mmoja wao alikuwa akikohoa. Nikasimama mlangoni kama soja wa geti.

"Hamtaingia," nikasema.

"Tumetoka kanisani, binti yetu. Ni maombi tu."

"Ombeni hapo nje! Ama mnataka kumuua?"

Wakaweka vifurushi chini, wakaondoka bila kuaga. Nikaufunga mlango kwa hasira, na kwa aibu pia.

Nyuma ya pazia Mama alikuwa akilia. "Umenizika na bado napumua," akasema, akageukia ukuta. Uji akaukataa. Dakika ile nilimchukia, nasema kweli, na nilimpenda hadi kifua kikauma.

Baadaye hodi ikapigwa tena. Mwenyekiti wa wale akina mama alikuwa amerudi peke yake. Hakuingia. Alivuta kigoda hadi chini ya dirisha letu, akalisukuma likafunguka, akaanza kumpa Mama habari za ibada: nani alivaa nini, kwaya iliharibu wapi. Nikamsikia Mama akicheka. Kisha akaomba uji.

"Wewe enda ulale kwa jirani," mwenyekiti akaniambia. "Mlango niachie."

"Watakuja wengine."

"Wacha wakuje."

Nililala bila hata kuvua viatu. Nilizinduka nikisikia mabishano, nikatoka mbio. Mwenyekiti alikuwa ameuziba mlango wetu kwa mwili wake wote, akitazamana na pasta mwenyewe, aliyekuja na Biblia kwapani.

"Hata wewe, pasta," alikuwa akimwambia. "Na uongee polepole. Msichana amelala."