Miguu Isiyofaa Kukaa Kitini

Daktari aliyepima watu wa kuajiriwa hakuniangalia usoni. Aliagiza karai la maji, nikachovya miguu, nikakanyaga sementi, naye akainama kutazama alama niliyoacha. Akacheka kwa pua.

"Pieds plats," alimwambia muuguzi wake kwa Kifaransa. Kisha akanigeukia, akasema Kiswahili kama mtu anayeogopa kuchafua mdomo: "Citoyen, miguu yako iko bapa sawa ya bata. Haina upinde. Hauwezi kazi."

Miaka ile ya chama kimoja kila mtu aliitwa citoyen, raia. Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka sekondari, na kazi niliyoomba ilikuwa ya karani wa ghala katika kiwanda cha shaba cha Shituru. Narudia: karani. Kuketi kitini na kuandika majina ya misumari na mikanda ya mashine. Mpaka leo sijui misumari hudai upinde gani wa mguu kabla haijakubali kuandikwa. Lakini karatasi yangu ilipigwa muhuri wa kutofaa, na miaka ile muhuri ulikuwa na akili kuliko watu wote wa Likasi tukikusanywa pamoja.

Baba alikuwa na nyayo zilezile. Kwa miaka zaidi ya ishirini alisimama juu ya nyayo hizo mbele ya tanuru la kiwandani. Nilipomwonyesha karatasi alivua buti, akaweka mguu wake kando ya wangu. Chini ya miguu yote miwili usingepitisha hata jani la muhogo.

"Hii miguu njo ilikusomesha," alisema. "Walipima yangu siku gani? Walipima mabega tu."

Ungedhani baada ya maneno hayo angeichana karatasi. Wapi! Daktari alikuwa ameandika pia dawa: vyuma vya kuweka ndani ya viatu, viinue upinde kwa nguvu. Baba akanipeleka mwenyewe kwa fundi viatu wa mtaa wa Panda, na fundi akakata bati, akalikunja, akalishonea ngozi. Nami, mjinga niliyesoma, nikavaa. Jirani zetu walinisalimia kwa heshima mpya, maana kwetu mtu akiugua kwa Kifaransa anahesabiwa kuwa amepanda cheo.

Nilivaa bati lile miezi miwili. Nyayo zilitoka malengelenge, magoti yakaanza kuuma, nikawa natembea kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Lengelenge moja lilipotunga usaha, mama mzazi alinifukuza niende dispensari ya misheni.

Katika chumba cha pili cha dispensari ile kulikuwa na mama mmoja mnene, mwenye mikono mifupi, aliyefundisha watu waliovunjika miguu migodini kutembea upya. Aliona kiatu changu mlangoni. Akakiinua, akatoa kile chuma, akakishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Nani alikuwekea hii bati?"

"Dokta, mama."

"Uyo dokta iko na miguu?"

"Iko nayo."

"Basi aweke yake." Akalitupa chini. "Panda juu ya vidole."

Nikapanda. Akapiga magoti, akaingiza kidole chake chini ya wayo wangu, na kikaingia.

"Ona. Upinde iko. Ukipanda, inatoka, ukishuka, inalala. Muguu yako haina ugonjwa, baba. Iko muvivu tu, sawa na mwenyewe."

Nilimwomba aniumbie upinde mzuri, wa kumwonyesha daktari. Alinicheka mbele ya wagonjwa wake wote. "Sijengake kanisa miye. Nitakupa nguvu. Sura utabaki na yako."

Kidonda kilipopona, nikaanza kwenda kwake mara tatu kwa juma. Alitandika gunia sakafuni, nikalikusanya kwa vidole vya miguu mpaka nyayo zikashikwa na mkakamao. Alinisimamisha mguu mmoja nikiwa nimefumba macho. Alinifundisha kuvuta mbele ya wayo kuelekea kisigino bila kukunja vidole, jambo linaloonekana dogo mpaka ulijaribu. Siku ya kwanza ya kuinua kisigino kwa mguu mmoja nilifika tano, nikatetemeka. Mchimbaji wa mgodi wa Kambove, aliyekuwa ametolewa plasta juma lililopita, alifika kumi na tano kwa mguu wake mzima, akanitazama kwa huruma. Sijasahau huruma ile. Iliniuma kuliko bati.

Baada ya miezi minne magoti yalinyamaza. Nikarudi kwa daktari nikiwa nimejaa kiburi. Maji, sementi, alama: bapa vilevile.

"Dokta, uniache nipande juu ya vidole."

Nilipanda na kushuka mara thelathini kwa mguu wa kuume, thelathini kwa wa kushoto. Muuguzi alihesabu kimoyomoyo. Niliona midomo yake. Daktari alikuwa akisoma karatasi ya zamani.

"Inaandikwa hapa: upinde hakuna," alisema. "Mazoezi yako si karatasi."

Akatoka na suti yake isiyo na kola, ile ya wakubwa wa chama, na viatu vyake vilivyochongoka mbele na kuinuka nyuma. Alikuwa akichechemea. Vidole vyake vilibanwa mle kama sardini, naye ndiye bingwa wa miguu ya wengine! Sikumwonea huruma.

Kiti cha ghalani alipewa mtoto wa mkubwa mmoja. Nyayo zake zilikuwaje, sijui. Hakuna aliyemvua viatu.

Juma lililofuata kapita wa reli, msimamizi wa vibarua, alikuja kutafuta watu wa kubeba mataruma, mbao za kulazia reli, kwenye njia inayoingia kiwandani humohumo. Alitazama viganja vyangu, akasema, "Kesho asubuhi." Kwa hiyo miguu isiyofaa kuketi ilifaa kubeba mbao nzito juani, kwa faida ya walewale walioikataa. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi niliona, nikabeba.

Mwenzangu wa kushika ncha ya pili ya taruma alikuwa mtu mzima, akisumbuliwa na kisigino. Kila asubuhi hatua zake za kwanza zilikuwa matusi. Wakati wa kupumzika nilimwonyesha mazoezi ya mama yule wa dispensari, tukiwa tumeegemea behewa. Wenzetu walitucheka, wakaniita profesa wa vidole. Aliyecheka zaidi ndiye wa kwanza kuja kuniuliza, kwa sauti ya chini, gunia linakusanywaje.

Yule mzee alichukua muda mrefu kupata nafuu, karibu msimu mzima wa mvua. Asubuhi moja alikanyaga kokoto, akainua ncha yake ya taruma bila kutukana mtu, akanigeukia nyuma.

"Weye unangoja nini?" akasema. "Inua."

Nikainua.