Akinyi amesema kwao ni Laini Saba

Leo nusura niingie darasani nimzibe mtoto wangu mdomo.

Nilimpelekea sweta. Kumbe ni somo la historia, nikasimama dirishani. Mwalimu anawauliza mmoja mmoja, "Kwenu ni wapi?"

Siaya. Busia. Kakamega.

Na wamezaliwa hapa hapa Kibera! Wengine hata boma la nyanya yao hawajaliona. Lakini ndivyo sisi wazazi tumewafundisha: kwenu ni pale babu yako amezikwa.

Ikafika zamu ya Akinyi wangu.

"Laini Saba." Yaani mtaa wetu huu huu wa Kibera!

Wee! Darasa likaangua kicheko. "Hapo si kwenu, hapo mnalipa rent!" mvulana mmoja akamwambia.

Nikajua sasa ni kiboko, na jioni baba yake atasema nimemfundisha mtoto kutupa ukoo.

Mwalimu akachora ubaoni ile reli inayopita hapa kwetu, akamwuliza polepole, "Nani alikuwa hapo kabla yenu?"

"Wanubi, wale wa mtaa wa Makina, mwalimu. Sisi tulikuja na treni, mimi nikiwa kwa tumbo ya mama."

"Basi hiyo ni historia, na wewe umo ndani yake. Nani mwingine anakaa karibu na reli? Aje achore nyumba yao."

Aki, karibu darasa lote lilisimama! Hata yule mvulana.

Huyo mwalimu Mungu amweke.

Sasa nishaurini, wamama wenzangu. Baba yake akifika nimweleze mimi, ama nimwachie Akinyi?

Vile nimemsikia leo, naona ataweza kuliko mimi.