Lori Lililonukia Maandazi

Jirani anakaanga maandazi kwa mafuta ya alizeti, nami nimesimama dirishani nikisikia harufu ya lori la baba.

Nilipokuwa mtoto, dizeli iliwahi kuadimika, na mafuta ya kupikia pia. Mdogo wangu alipozidiwa na homa kijijini kwetu Mang'ola, baba alipasha moto mafuta ya kupikia ya mama, akayamimina kwenye tangi la lori, tukaondoka kwenda hospitali Karatu. Tulipofika kwenye soko la njiani, injini ikakohoa, ikazimika. Watu wakatuzingira, wakinusa moshi.

“Watoto wetu wanakula mboga za kuchemsha, wewe unalinywesha gari mafuta ya kupikia?” mwanamke mmoja alisema, akarusha jiwe.

Kioo cha mbele kilimpasukia baba usoni. Wanaume wakamvuta chini, wakampiga mateke na fimbo hadi shati likalowa damu.

Mama alishuka, akafunua kitenge, akawaonyesha mtoto.

“Mmalizeni basi. Nani atamfikisha huyu hospitali?”

Wakatupa fimbo chini. Yule mwanamke alikwenda nyuma ya lori, akaanza kulisukuma, wengine wakamfuata mpaka likawaka.

Baba aliendesha njia yote iliyobaki kwa jicho moja. Mdogo wangu alipona. Jicho la baba halikupona.